Bukavu inachaguaka nani?

Watu wanasema siye wa Bukavu tunachaguaka mutoto wa kwetu. Tuangalie kama ni kweli.

Tarehe 30 Julai 2006, duru ya kwanza, Kivu ya Kusini ilimupa Joseph Kabila zaidi ya 90% ya sauti. Haikuwa mambo ya kabila (jina ni lake tu!). Vita ilikuwa imetuchokesha, na watu waliona yeye njo ataleta amani.

2011, Vital Kamerhe alipata 7,74% katika inchi muzima, na sauti nyingi zilitoka huku Kivu. Lakini Januari ya mwaka ule Katiba ilishabadilishwa, duru ya pili ikaondolewa. Kabila akapita na 48,95%. Zile sauti zetu zikaishia pale.

Na 2023? Daktari Mukwege wa Panzi, na Nobel yake yote, 0,22%. Mutoto wa kwetu gani tena?

Kadutu ilichagua sawa na Ibanda ao Bagira? Kwa 2018 hatuwezi kujibu: CENI haikutangaza matokeo ya kila biro. Kwa hiyo, siku ya kuhesabu, karatasi ikibandikwa inje ya biro, piga picha, andika namba ya biro, tutumie usiku ule ule.