Kabla ya Kununua Bomba, Uliza Litapitisha Nini

Hotuba kwa vyama vya ushirika, vikundi na mafundi wanaojiandaa kuanzisha viwanda vidogo vya kusindika mazao



Kiwanda kidogo cha maziwa, cha sharubati ya maembe au cha barafu ya samaki huanza kwa jasho la wanachama. Mfugaji hukatwa shilingi chache kwa kila lita, mkulima hununua hisa moja moja, na hatimaye chama hupata pesa za kununua matangi, pampu na mabomba. Hapo ndipo uamuzi mkubwa hufanyika, na mara nyingi hufanyika kwa haraka. Wauzaji watatu wanaleta bei, karatasi zote tatu zimeandikwa "tangi la chuma" na "mabomba", na kamati inachagua aliye na bei ya chini.

Kutafuta bei nafuu si kosa. Kosa ni kununua kabla ya kuuliza maswali matatu. Ndani ya tangi na bomba hilo kutapita nini? Kitakuwa na joto na shinikizo kiasi gani? Na vifaa hivyo vitaoshwa kwa dawa gani? Kamati isiyo na majibu hayo haijui inanunua nini, hata kama bei ni nzuri.

Mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, ulilipia somo hili kwa afya ya watoto wake. Kwa miaka mingi mji huo ulipata maji kutoka Detroit, yaliyotiwa fosfeti, dawa inayotandaza utando ndani ya bomba ili madini yake yasiyeyuke. Mwezi wa Aprili 2014, kwa nia ya kupunguza gharama, mji ulianza kuchota maji ya Mto Flint, na dawa ya kulinda mabomba haikutiwa. Nyumba nyingi zilikuwa na mabomba ya zamani ya risasi. Utando ule ulibanduka, risasi ikaingia katika maji ya kunywa, na watoto wakaathirika. Mabomba yalikuwa ni yale yale ya siku zote. Kilichobadilika ni maji. Ndiyo maana haitoshi kusema bomba fulani ni zuri. Sharti iulizwe ni zuri kwa kupitisha nini.

Chuma cha kawaida ni imara, ni rahisi kuchomelea, na hustahimili mvuke na shinikizo. Kinafaa kwa mabomba ya mvuke, kwa fremu na kwa mafuta. Kikikutana na maji na hewa, hushika kutu, kwa hivyo hakifai kugusa maziwa wala sharubati.

Chuma kilichopakwa zinki hudumu zaidi katika maji baridi ya kawaida, kwa sababu zinki hulika kwanza na kukilinda chuma kilicho chini yake. Hata hivyo, zinki huyeyuka katika asidi. Sharubati ya maembe, ya ndimu au ya ukwaju ikikaa katika chombo cha namna hiyo, zinki huingia katika kinywaji, na mnywaji anaweza kutapika na kuumwa na tumbo.

Alumini ni nyepesi, na mitungi ya alumini ya kubebea maziwa inajulikana na kila mfugaji. Adui yake ni kostiki soda, dawa ambayo viwanda vya maziwa huitumia kuondoa mafuta kwenye vifaa. Kostiki soda huila alumini. Mitungi hiyo ina sabuni zake, na anayeiosha lazima azijue.

Shaba hupitisha joto vizuri na hutumika sana katika majokofu. Lakini mitambo mingi mikubwa ya barafu hutumia gesi ya amonia, na amonia ikiwa na unyevu huila shaba pamoja na mchanganyiko wake na zinki. Katika mtambo wa amonia mabomba huwa ya chuma, na hata vali moja ndogo ya shaba ikiingizwa kwa makosa inaweza kuwa chanzo cha uvujaji wa gesi inayoua.

Mabomba ya plastiki hayashiki kutu na bei yake ni ya chini. PVC hufaa kwa maji baridi, lakini hulegea yanapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na jua kali huifanya iwe dhaifu. Isitumike kamwe kwa hewa ya kompresa: ikipasuka hurusha vipande vyenye makali kama glasi. HDPE hupinda bila kuvunjika na hufaa kuzikwa ardhini, ila nayo haipendi joto. Na kwa chochote kitakacholiwa au kunywewa, plastiki iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kisha kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Siri yake ni madini ya kromi, yasiyopungua asilimia 10.5, yanayofanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe mradi pana hewa. Daraja linaloitwa 304 lina takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli, na ndilo linalotumika sana kwa maziwa. Daraja la 316 huongezewa takriban asilimia 2 ya molibdeni ili lipambane na chumvi. Kwa kiwanda cha samaki, kwa maji ya kisima yenye chumvi, au kwa vifaa vinavyopigwa na upepo wa bahari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tangi litadumu au litatoboka.

Hata hivyo stenlesi si kinga ya kila kitu. Maji ya bahari yakituama ndani yake huweza kutoboa hata daraja la 316. Klorini ya kuua vijidudu ikiwa kali, au ikiachwa usiku kucha, hutoboa vishimo vidogo ambamo uchafu na vijidudu hujificha. Klorini itumike kwa kipimo, kwa muda mfupi, kisha chombo kisuuzwe kwa maji safi.

Ndugu wananchi, hatari haitoki ndani ya bomba peke yake. Mwaka 1974, huko Flixborough nchini Uingereza, kiwanda kilichotengeneza kemikali za kuundia nailoni kiligundua ufa katika mtungi mmoja mkubwa wa chuma. Kabla ya hapo, sehemu iliyokuwa ikivuja ilimwagiwa maji ya kupoza mitambo ili kupunguza hatari. Maji hayo yalikuwa na naitreti, na naitreti hupasua chuma cha kawaida kilicho moto na kilichovutwa na shinikizo. Mtungi uliondolewa, na bomba la muda likaunganishwa mahali pake ili kazi isisimame. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki sakafuni. Hesabu za kihandisi hazikufanywa ipasavyo. Tarehe 1 Juni bomba hilo liliachia, mvuke wa kemikali ukalipuka, na watu 28 wakafa. Kwetu husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Flixborough inaongeza kwamba anayeziba ajue anaziba kwa kitu gani.

Maungio nayo yana lawama zake. Metali mbili tofauti zikiguswa na maji pamoja, iliyo dhaifu hulika haraka. Bolti za chuma cha kawaida kwenye tangi la stenlesi huisha kabla ya tangi. Bomba la shaba likifuatwa na la zinki, lile la zinki huharibika. Fundi anayechomelea stenlesi atumie vijiti vinavyolingana nayo, asafishe weusi wa moto, na brashi yake ya waya isiwe ile aliyoisugulia chuma cha kawaida, kwa sababu huacha chembe zinazoshika kutu. Mahali pa kuchomelea sana, daraja huchaguliwa lenye herufi L, yaani 304L au 316L, lenye kaboni kidogo.

Basi kamati ifanye nini? Kwanza, iandike katika zabuni kile kitakachopita, joto lake, shinikizo lake, na dawa ya kuoshea. Pili, itaje daraja na unene wa bomba, isiandike "stenlesi" tu. Tatu, idai cheti cha kiwandani kinachoonyesha mchanganyiko wa madini, na namba iliyo kwenye cheti ilinganishwe na ile iliyopigwa kwenye bomba. Sumaku haitoshi, kwa kuwa haiwezi kutenganisha 304 na 316, na zipo stenlesi za bei ya chini ambazo pia haizivuti. Nne, bidhaa zilizo na viwango zikaguliwe alama ya KEBS. Tano, mitungi ya mvuke na ya hewa ya shinikizo ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Sita, na hili ndilo husahaulika: siku chama kitakapobadilisha kisima, sabuni au zao linalosindikwa, maswali yale matatu yaulizwe upya. Bomba lililofaa jana kwa maziwa huenda lisifae kesho kwa sharubati.

Kununua kifaa kinachofaa huuma siku moja. Kununua kisichofaa huuma kila mwezi, na anayelipa ni yule mama aliyeleta lita mbili za maziwa alfajiri akiamini zitafika salama. Wenye miradi waende na michoro yao katika ofisi za kaunti zinazoshughulikia biashara na viwanda kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.