Safari Isiyolipiwa: Kwa Nini "Threshold" Iliwaangusha Watazamaji

Tarehe 29 Januari 1996, televisheni ya UPN ya Marekani ilirusha kipindi cha Star Trek: Voyager kiitwacho "Threshold". Tangu hapo, kila mashabiki wanapovitaja vipindi vibovu vya mfululizo huo, hicho hakikosekani. Brannon Braga, aliyeandika mswada wake, naye amekiri hadharani kuwa kazi ilimharibikia. Kwa hiyo sina haja ya kuthibitisha kwamba ni kibaya. Ninachotaka kujua ni ubaya wenyewe umekaa wapi, maana jibu linalotolewa upesi, kwamba sayansi yake ni ya uongo, halinitoshi.

Chombo cha Voyager kimetupwa upande wa pili wa galaksi, miaka ya nuru 70,000 kutoka Dunia, na kwa mwendo wake kitahitaji kama miaka 75 kurudi. Mfululizo mzima umejengwa juu ya umbali huo: kila uamuzi wa Kapteni Janeway una uzito kwa sababu nyumbani ni mbali. Sasa, katika "Threshold", rubani Tom Paris anafikia kasi ya "warp 10", ambayo kwa kanuni za mfululizo wenyewe haina kikomo. Anayeifikia yuko kila mahali ulimwenguni kwa wakati mmoja. Anarejea salama, halafu mwili unaanza kumgeuka. Anakunywa kahawa, anaanguka, na kumbe kinachomdhuru ni maji yaliyomo ndani yake. Nywele zinanyonyoka, ulimi unadondoka. Mwishowe anamteka Janeway, wanaruka tena kwa kasi ileile, na wote wawili wanakuwa viumbe wa kinamasini, wakazaa huko. Daktari wa chombo anawarudisha kuwa watu kamili, watoto wanaachwa matopeni, na safari ya miaka 75 inaendelea. Tupige hesabu basi. Njia ya kufika nyumbani mara moja imepatikana, na tiba ya madhara yake imepatikana pia. Kilichobaki kilikuwa ni kuondoka, kisha kutibiwa. Hakuna hata mmoja anayelitamka hilo, na kwa maoni yangu kipindi kinafia hapo. Kimefuta umbali, kisha kinatutaka tuendelee kuuogopa.

Mwanabiolojia atasema kosa ni kubwa zaidi: mabadiliko ya spishi hutokea kizazi baada ya kizazi, si ndani ya mtu mmoja kitandani. Ni kweli, lakini kosa la namna hiyo husameheka. Hakuna anayekatiza hadithi ya Sungura na Fisi akauliza wanyama walijifunzia wapi kusema. Atakatiza Fisi akiliwa leo, kesho akaonekana sokoni bila maelezo. Katika "The City on the Edge of Forever", kipindi cha Star Trek ya awali cha mwaka 1967, lango la kuvukia wakati halielezeki kisayansi hata kidogo. Hata hivyo, historia haiwezi kurudi mahali pake asipokufa mwanamke aitwaye Edith Keeler, na Kapteni Kirk anayempenda ndiye anayemzuia daktari wake, McCoy, asimwokoe. Lango ni la uongo. Gharama yake inalipwa. Wala tusisingizie umaskini wa vifaa. "Threshold" ilipata tuzo ya Emmy kwa urembaji wa wahusika, ilhali viumbe wa Dalek wa mfululizo wa Doctor Who, waliotokea mwaka 1963 na mkono unaofanana na kifaa cha kuzibulia sinki, waliwatisha watoto wa Uingereza kwelikweli.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka kwa wanaoijua biashara ya televisheni. Watasema kwamba miaka ile kila kipindi kilitakiwa kijitegemee, kwa kuwa marudio yangeweza kuonyeshwa kwa mpangilio wowote, na hivyo ilikuwa lazima mwishoni mambo yarudi yalivyokuwa. Naikubali nusu. Sharti hilo linaeleza kwa nini Voyager haikufika. Halielezi kwa nini mwandishi aliwapa wahusika ufunguo na tiba pamoja, wakati sentensi moja tu, kwamba madini maalumu yaliyoendesha injini ile yamekwisha, ingemwokoa. Tena "The Inner Light" ya mwaka 1992, kipindi cha mfululizo mwingine wa Star Trek, ilikuwa chini ya sharti lilelile. Ndani ya nusu saa hivi, Kapteni Picard anaishi maisha mazima ya mtu mwingine, kisha anarudi kazini. Lakini filimbi aliyojifunza kuipiga huko inabaki mikononi mwake. Janeway na Paris wanabaki na utani kuhusu watoto waliowatelekeza.

Wapo wanaokitazama leo kwa kicheko, na sina ugomvi nao. Vioja vya kipindi hiki ni vitamu. Lakini baadaye waandishi wa Voyager wenyewe walionekana kuijua bei ya kufika nyumbani. Mwaka 2001, katika "Endgame", hatimaye waliifikisha meli nyumbani kwa njia ya mkato, na safari hiyo ilimgharimu Admirali Janeway, aliyetoka wakati ujao, uhai wake.