Blanketi iliyopasuka: maneno juu ya vitambaa vya kutandikia dende



Tuliombwa tuseme juu ya vitambaa vya kutandikia dende, vile vya kufua na kurudisha. Tunaanza na picha moja. Katika ripoti iliyopita tulionyesha klapie ya mama mmoja, na ndani yake, chini ya dende wanne, kulikuwa kipande cha blanketi ya kijivu, ile ambayo kila mtu hapa anaijua. Mfadhili mmoja akaiona, akatuandikia kwa upole: je, blanketi walizopewa watu wakati wa kurudi ndizo sasa zinalaliwa na wanyama?

Ni swali la haki, na tunalijibu mbele yenu wote. Kipande kile kilitoka kwenye blanketi iliyovuka ziwa toka Kigoma, ikafunika watoto watatu mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapasuka katikati. Blanketi nzima ni ya mtu. Inayoingia kwa klapie ni ile ambayo mama mwenyewe amesema haifuniki tena. Mara moja tulikuta blanketi nzima imewekwa chini ya dende. Tuliitoa siku ileile, na baba wa nyumba hakufurahi, na sisi pia hatukufurahi.

Sasa, kwa nini kitambaa? Wakubwa wetu walifuga dende jikoni juu ya majani makavu, na dende waliishi. Ni kweli. Mwenye majani ya kutosha aendelee nayo, hatumwambii aache. Lakini wengi wenu mlirudi mkakuta shamba la baba liko na mtu mwingine. Mnalima kwa kukodi, mnakaa kwenye parsele ya kuazima. Majani ya kulisha dende mnayatafuta kando ya njia. Mkienda tena kukata ya kulalia, mwenye shamba anauliza nani amewatuma. Kiangazi kilichopita tulikaa na watu mara mbili kumaliza palava za namna hiyo, zote juu ya majani. Wenzetu wa bonde la Ruzizi wako na maganda ya mpunga, lakini maganda hayanyonyi mkojo vizuri, na yana vumbi. Unga wa mbao wa seremala, ule laini, nao unaingia puani. Dende anaanza kupiga chafya, na kifua kikimshika mara nyingi haponi.

Kwa wapenzi wetu wa mbali, ambao kwao dende ni mnyama wa kubembelezwa na watoto: huku ni nyama ya chakula na ni minervali ya shule. Mbuzi anaonekana, anachukuliwa. Ng'ombe anavuta watu wenye bunduki. Dende watano unawatia kwenye kikapu siku ya kukimbia, hakuna anayejua umebeba nini. Jike anabeba mimba karibu siku 68, anazaa wawili, watatu, hata wanne, na watoto wanatoka na manyoya na macho wazi, siku hiyohiyo wanatembea. Basi wanatembea juu ya nini? Kama ni baridi na maji, tunawazika wiki hiyohiyo.

Tuseme kosa letu kwanza. Mwanzo wa kazi hii tuligawa taulo nene za pamba, za mitumba. Tuliona ni laini, tukafikiri laini ndiyo nzuri. Kumbe taulo ya pamba peke yake inakunywa mkojo na kubaki nao palepale juu. Dende anasimama kwenye maji siku nzima. Baada ya wiki chache harufu ilikuwa kali kuliko ya majani, ile amonia inayochoma macho ukifungua klapie asubuhi. Nyayo za dende zikawa nyekundu, zingine zikapata vidonda, na kidonda cha nyayo kwa dende ni kitu kigumu, kinaweza kuingia mpaka kwenye mfupa. Tulipopita kuuliza, mama mzee mmoja alitutazama, akasema: “Watoto yangu, mulituletea kazi ya kufua, hamukuleta maji.”

Tulikaa kimya. Tuko na diploma za université, na hatukuwa tumehesabu bidoni.

Tangu siku hiyo tunapochagua kitambaa tunauliza mambo mawili: kinapitisha maji namna gani, na kinakauka kwa muda gani? Tena hatutafuti kitambaa kimoja, tunatafuta viwili. Cha juu kipitishe, cha chini kinywe. Cha juu kinachofaa ni ile polari ya majaketi na ya blanketi za mitumba. Nyuzi zake ni za plastiki, zenyewe hazinywi. Mkojo unapita katikati yake unashuka chini, na nyayo zinabaki kavu. Ukiikata haifumuki. Chini yake ndipo mahali pa ile pamba yetu: taulo kuukuu, shuka lililokwisha, kitenge cha zamani kilichokunjwa mara nne. Kwa hiyo waliopewa taulo wasizitupe. Zilikuwa mahali pabaya tu.

Lakini polari mpya, au iliyofuliwa na dawa ya kulainisha nguo, inadanganya. Maji yanakaa juu kama matone kwenye jani la muhogo. Ifue mara mbili, tatu, kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, bila dawa ya harufu, kisha uijaribu: tandika vyote viwili, mwaga maji kidogo ya kikombe, ngoja dakika chache, weka kiganja chako kikavu juu. Kiganja kikitoka kimelowa, hicho kitambaa bado, au hakifai. Jaribio hili fanyeni kabla ya kununua kama muuzaji anakubali. Wa soko letu wameshatuzoea, wanacheka tu.

Gunia la plastiki hatulitaki ndani ya klapie. Nyuzi zake zinafunga mguu wa mtoto wa dende mpaka unavimba. Gunia la katani linakunywa vizuri, ila linachelewa sana kukauka na linafumuka pande zote. Sweta ya kufuma hapana, kucha zinanasa. Shitingi unaweza kuiweka chini kabisa kulinda mbao, na klapie iiname kidogo nyuma ili maji yatoke. Ukiiweka sawasawa bila mwinamo umetengeneza bwawa. Na dende akianza kula kitambaa chenyewe, kiondoe, mrudishie majani, na uangalie kwanza kama anapata chakula cha kutosha.

Sasa maji. Yule mama mzee hakuishia kutusema. Yeye ndiye aliyetuonyesha jambo ambalo sisi hatukuliona: dende hawakojoi popote. Wanakojoa mahali wanapokula na kwenye kona wanapojificha. Yeye alikata kipande kidogo, kama ukubwa wa sahani mbili, akakiweka juu ya kile kikubwa, palepale chini ya majani ya kula. Kila asubuhi anabadilisha kile kidogo tu. Kikubwa anakifagia mavi na kukiacha, anakifua mara moja kwa wiki, mara mbili kama dende ni wengi. Kabla ya hapo alikuwa anafua kitambaa kizima kila siku ya pili. Sasa klapie yake ya dende sita inamaliza karibu bidoni moja ya lita 20 kwa wiki, na mtoto wake wa kike hakosi shule kwa ajili ya maji ya dende. Tumeanza kufundisha hivyo kila mahali, na tunasema ni akili ya huyo mama, si yetu.

Namna ya kufua ni hii. Kwanza kung'uta kikiwa kikavu, nje, mbali na mlango. Mavi na manyoya yaende kwenye shimo la mbolea. Manyoya yaliyobaki yatoe kwa brashi ngumu, kwani ukiyaloweka yanashika zaidi. Kisha loweka kwenye maji ya baridi kidogo tu, kamua, na hayo maji ya kwanza mwaga chini ya migomba. Ndipo sabuni, ndipo kusuuza mara mbili. Basani ya dende iwe ya dende. Isirudi kupika, isirudi kuogesha mtoto, maana dende anaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha yeye mwenyewe akionekana mzima. Ile alama nyeupe ngumu inayobaki kwenye kitambaa na kwenye mbao ni chokaa ya mkojo wao. Sabuni haiitoi, limau linaitoa.

Juu ya Javel tunaomba msikilize vizuri. Usimimine kamwe Javel kwenye kitambaa chenye mkojo. Amonia na Javel vikikutana vinatoa hewa ya sumu, inakaba kifua, na mama anayeinama juu ya basani ndiye anayeivuta. Ukitaka kutumia Javel, kama kulikuwa choa au ugonjwa, kitambaa kiwe kimefuliwa na kusuuzwa kabisa kwanza, Javel iwe kidogo kwenye maji mengi, nje kwenye upepo. Wala usiichanganye na limau, ni hatari ileile. Na choa cha dende kinashika watoto: ukiona dende ametoka manyoya na magamba usoni, mtenge, na watoto wasimshike.

Tunajua wengi wanafulia ziwani. Tunaelewa, maji ni ya bure na soga ni tamu. Lakini kandokando hiyo ya ziwa ndiyo watu wanapochota ya kunywa, na toka Uvira mpaka huku kwetu kipindupindu hakituachi. Kipindupindu hakitoki kwa dende, kinatoka kwenye uchafu wa watu. Hata hivyo ukiingia majini hapo unaweza kukichukua wewe, na uchafu wa klapie unawaachia majirani. Chota, ufulie nyumbani.

Kuanika ni juani kabisa, pande zote mbili. Jua linasaidia kuua utitiri na choa bila franka. Kazi ni wakati wa mvua, na mvua yetu ni ndefu. Kitambaa kinachoonekana kimekauka na bado kina ubaridi katikati, dende wadogo hawakivumilii. Kwa hiyo kiangazi seti mbili kwa kila klapie zinatosha. Masika ziwe tatu, na kamba ya kuanikia iwe chini ya baraza. Siku ambayo hakuna kilichokauka, rudisha majani makavu uliyoweka akiba, hata konzi chache. Hakuna aibu.

Wapenzi wetu mlituuliza pia kama mnunue huko matandiko yaliyoshonwa tayari, mtutumie. Asante sana kwa moyo huo. Tunaomba msinunue. Vitambaa viko hapa sokoni, na mafundi wa cherehani wa association wanavipinda pindo kwa bei ndogo. Kinachokosekana ni bidoni, basani za pembeni, kamba, na mabati machache ya kufunika mahali pa kuanikia. Orodha iko kwa katibu, na bei zake za soko la hapa.

Na ninyi wanamemba, mkutano ujao msije mikono mitupu. Kila mfugaji alete kitambaa chake cha juu, cha chini, na kikombe. Maji tutaleta sisi, safari hii.