UZI: "Tutayagandisha kwa simiti" ni nusu ya jibu

Nilipewa dakika nne kwenye mdahalo wa wanafunzi. Hotuba yangu ni hii, nimeikata vipande. Hakuna chama humu wala jina la mwanasiasa. Soma yote kabla hujanitukana.

1/ Mama yangu mdogo anaishi Kilifi. Wakati kituo cha nyuklia kilipokuwa kinazungumziwa Uyombo, alienda mkutanoni akauliza swali moja: "Hayo mafuta machafu ya mitambo yatakwenda wapi?" Akajibiwa: "Mama, yatagandishwa kwa simiti ya kisasa, usiwe na wasiwasi." Makofi. Akaketi.

2/ Usiku akanipigia simu. "Si wewe ndiye msomi wetu? Kugandisha maana yake nini?" Mimi nasomea siasa, kemia niliiacha kidato cha nne. Nikamwambia nitamrudia. Haya ndiyo niliyomrudia nayo.

3/ Kwanza, taka zenyewe. Kituo cha nyuklia hakitoi fueli iliyotumika pekee. Kuna mafuta ya pampu na mashine, viyeyushi vya kusafishia, vimiminika vya maabara. Vikishaingiwa na mionzi huwezi kumwaga, na huwezi kumuuzia mtu wa gereji. Si vingi ukilinganisha na taka nyingine, lakini ni visumbufu. Vinavuja, vingine vinashika moto, na simiti ya kawaida haipatani na mafuta. Ukizidisha mafuta, haishiki.

4/ Hapo ndipo jiopolima inaingia. Jina hilo lilitolewa na mkemia Mfaransa, Joseph Davidovits, miaka ya 1970. Unachukua udongo wa kaolini uliochomwa, au majivu ya makaa ya mawe, au mabaki ya tanuri za chuma. Unachanganya na kostiki soda na sodiamu silikati. Mafuta yanakorogwa humo mpaka yawe matone madogo sana, kisha mchanganyiko unakauka kuwa jiwe, matone yakiwa ndani. Maabarani mafuta yameingia hadi asilimia 20 ya ujazo, hata zaidi.

5/ Kwa hivyo yule aliyejibu hakudanganya. Slovakia na Jamhuri ya Czech zimetumia jiopolima iitwayo SIAL kugandisha tope na resini za vituo vya nyuklia. Mwaka 2020 Ulaya ilianza mradi wa PREDIS, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kujaribu jiopolima kwa mafuta na viyeyushi. Anayesema ati hii ni hadithi tu, amekosea.

6/ Lakini sikizeni. Kugandisha si kuteketeza. Simiti haipunguzi mionzi iliyomo. Mafuta nayo hayajageuka jiwe, yamefungiwa tu. Jiwe likipasuka, yanaweza kutoka. Tena mchanganyiko uliokubali mafuta ya pampu unaweza kukataa kiyeyushi kingine. Kila taka na kipimo chake.

7/ Halafu kuna muda. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Ibaki kama moja kwa elfu, ungoje miaka 300. Karibu miaka 300 iliyopita Wareno na Waomani walikuwa bado wananyang'anyana Fort Jesus. Hesabu wenyewe ni serikali ngapi zimepita hapo. Nani atalilinda jiwe hilo muda wote huo? Hilo si swali la kemia tena. Ni letu sisi wa siasa.

8/ Kwenye midahalo yetu upande mmoja husema "teknolojia ipo" na mwingine husema "tutakufa sote." Zote mbili zinaua swali. Na hatuanzii sifuri: taka za mionzi za hospitali na viwanda tunazo, kituo cha kuzishughulikia kiko Oloolua, Ngong, na mdhibiti, KNRA, aliundwa kwa sheria ya 2019. Mazungumzo ya kituo cha umeme yamehamia Siaya. Swali la mama mdogo limehama nayo.

9/ Ukienda mkutanoni, uliza manne. Taka gani, na kiasi gani kwa mwaka? Mchanganyiko umepimwa kwa taka hiyo hiyo, na nani? Mawe yatakaa wapi? Pesa za kuyalinda zinatoka wapi baada ya kituo kufungwa? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, cha 42 mazingira safi. Huombi fadhila.

10/ Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe swali langu lilikuwa zuri." Lilikuwa zuri, mama. Walipiga makofi mapema tu.

Kama una mtu Siaya, mtumie huu uzi kabla ya mkutano ujao. Na kama kuna mkemia humu, nirekebishe hapo chini, sitakasirika.