Jinsi Unga Unavyokuwa Kidonge

Leo tutajifunza jinsi unga wa dawa unavyobanwa ukawa kidonge.

Chukua kidonge cha parasetamoli, ukiweke kiganjani. Mara nyingi mna dawa nusu gramu, yaani miligramu 500. Lakini kidonge chote ni kizito zaidi kidogo, kwa sababu dawa huchanganywa na vitu vingine, kama wanga wa mahindi. Wanga huushikamanisha unga. Tena ukifika tumboni hunywa maji, huvimba, na kukipasua kidonge.

Kiwandani unga huchanganywa sana, ili kila kidonge kipate dawa sawasawa. Kisha mara nyingi hufanywa chembechembe kama mchanga, maana unga laini hauteremki vizuri. Chembe hizo huteremkia katika kalibu, yaani tundu la chuma. Mchi mmoja wa chuma uko chini, wa pili hushuka kutoka juu. Michi hiyo huzibana chembe kwa nguvu nyingi mpaka zishikamane. Halafu mchi wa chini hukisukuma kidonge nje.

Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon, mchoraji wa picha, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa namna hii. Njia hiyo ilihusu pia kubana unga mweusi wa kalamu za risasi.

Sasa sikilizeni kwa makini. Vidonge vingine hupakwa ganda ili visiyeyuke katika mfuko wa chakula, ila katika utumbo. Vingine hutoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikitwanga kidonge cha namna hiyo, dawa ya siku nzima huweza kuingia mwilini mara moja. Yaweza kumwua mgonjwa.

Basi, mtoto au mzee akishindwa kumeza, usikimbilie kinu. Mwulize kwanza mganga wa zahanati au mwuza dawa: "Je, kidonge hiki chaweza kutwangwa?" Huenda ipo dawa nyingine ya kumfaa. Kwa mfano, kuna dawa mseto ya malaria iliyotengenezwa kwa watoto, nayo huyeyushwa katika maji.

Maswali:

1. Wanga una kazi gani katika kidonge?
2. Kwa nini unga hufanywa chembechembe?
3. Utauliza nini kabla ya kutwanga kidonge?

Andikeni majibu madaftarini. Kwa herini.