Kati ya Duka la Dawa na Hospitali: Simu ya Ushauri wa Tiba kwa Njombe na Makambako



Tunaushukuru uongozi wa hekalu kwa kutushirikisha katika maadhimisho haya. Sisi tunaofanya kazi katika vituo vya afya vya Makambako na Njombe tumeombwa tueleze juu ya simu ya ushauri kwa mgonjwa anayehitaji msaada wa haraka, ingawa hali yake haijafikia dharura. Twaomba tuanze na mgonjwa kabla ya simu.

Ni mwezi wa Julai, na baridi ya Njombe hamhitaji kusimuliwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameanza kukohoa jioni. Kufikia saa nne usiku mwili wake unachemka. Zahanati ya kijiji imefungwa, na duka la dawa limefungwa pia. Mama anajiuliza: ampakie bodaboda katika ukungu huu, au asubiri mapambazuko? Akiondoka bila sababu, amemtesa mtoto kwa baridi na amemaliza nauli ya juma zima. Akisubiri pasipostahili, huenda mtoto asiione asubuhi.

Swali hilo lina majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo yaweza kupatikana kwa maneno tu. Mtu aliyefunzwa, akiwa upande wa pili wa simu, atamwomba mama afunue kifua cha mtoto aliyetulia na kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akivuta mara 40 au zaidi, yawezekana ana nimonia, naye anahitaji kuonwa na tabibu pasipo kuchelewa. Je, kifua kinabonyea anapovuta hewa? Je, ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege, au amelegea na haamki? Likipatikana jibu baya katika maswali haya, mazungumzo yakome na safari ianze. Mama anayeziona dalili hizo kwa macho yake asingoje hata kupiga simu ya ushauri.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Wengi mnaikumbuka nambari 199 ya Wizara ya Afya, iliyotangazwa sana mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Ipo pia 115, ya mfumo wa M-mama uliozinduliwa kitaifa mwezi wa Aprili 2022, kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mpokeaji simu huuliza maswali yaliyopangwa, hupima uzito wa hali, kisha huita gari la wagonjwa; likikosekana, humwita dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa safari yake. Tunaipenda sana 115 kwa sababu haimwachii mpigaji maneno matupu. Humpa gari.

Lakini mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu si mchanga, na mzee mwenye kisukari ambaye kidonda chake kimeanza kunuka si mjamzito. Hao ndio wa katikati, na kwa ajili yao tunatetea kuwapo kwa nambari ya namna hii.

Uingereza walianza mwaka 1998 kwa simu iliyopokewa na wauguzi. Mwaka 2010 wakaijaribu nambari 111 kaskazini mwa nchi, ambako wapokeaji wengi hawakuwa wauguzi, bali watu waliofunzwa kufuata maswali ya kompyuta, wakiwa na wauguzi karibu yao. Ilipoenezwa mwaka 2013 kabla ya watumishi kutosha, simu nyingi zilikaa bila kupokelewa. Kwetu hilo lingekuwa baya zaidi, maana mtu wa Ludewa aliyepiga mara mbili bila kujibiwa hatapiga mara ya tatu maishani mwake.

Tena simu inayomwambia kila mpigaji "nenda hospitali" haina kazi. Hilo analijua hata asiyepiga. Mpokeaji lazima ajue kwamba kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita kama 60 za lami, ilhali kilomita 10 za Makete wakati wa masika ni safari nyingine kabisa. Ajue ni kituo gani kina tabibu usiku huo. Na awepo wa kumsikiliza bibi asemaye Kibena au Kikinga, kama vile tungependa bibi wa Kigujarati katika ukumbi huu asikilizwe.

Liko pia duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianza Ruvuma mwaka 2003, mwisho wa barabara hii hii inayotoka Makambako kwenda Songea, na leo muuzaji wake ndiye wa kwanza kuulizwa na wagonjwa wengi. Tungependa yeye naye awe na nambari hiyo ukutani, ampigie tabibu akiwa na mgonjwa mbele yake, kabla ya kuuza dawa ya kuua vijasumu kwa kukisia. Wafanyabiashara mlio hapa, baadhi yenu mna maduka hayo. Tungefurahi kuzungumza nanyi baada ya chai.

Kwa sasa, 115 na 199 hupigwa bila malipo. Ziandikeni kwenye karatasi ndani ya mlango, kwa maandishi makubwa, pamoja na mambo ambayo mpokeaji yeyote atayauliza: umri wa mgonjwa, ameanza kuugua lini, dawa alizokwisha kumeza, na jina la mahali mlipo kama dereva wa bodaboda anavyolijua.