Wazee wa Nchiru na Wasichana wa Ngaitana

Aprili 1956, Kenya ikiwa bado chini ya hali ya hatari, wazee wa baraza la Njuri Ncheke walikutana Nchiru, Tigania, wakapiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru nzima. Hakuna aliyepinga. Maofisa wa kikoloni waliokuwa wakilichochea jambo hilo waliridhika. Baraza linaloheshimiwa kuliko yote kwa Wameru limeshanena, nani angebisha?

Walibisha wasichana.

Walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kukatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza kwamba kati ya 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Wengine kwa maelfu walitozwa faini na mabaraza ya Njuri ya mashinani.

Mhadhara huu hauutetei wembe. Ukeketaji huumiza na huua, na sheria ya 2011 inauharamisha kwa haki kabisa. Linaloulizwa hapa ni la uongozi: kwa nini amri njema ilikataliwa na wale wale iliyokusudia kuwalinda?

Jibu liko kwa wazee wenyewe. Hawakujipima. Sauti yao ilikuwa nzito katika mashauri ya ardhi, mifugo na viapo, wakadhani itakuwa nzito vivyo hivyo kila mahali. Lakini unyago wa wasichana ulikuwa mikononi mwa kina nyanya, kina mama na mangariba, na Njuri Ncheke lilikuwa baraza la wanaume. Isitoshe, walisimama bega kwa bega na serikali ambayo wananchi wengi waliiogopa. Kiongozi asiyejua heshima yake inakomea wapi huitumia mpaka imwishie, na hapo hubakiwa na faini tu.

Embu nayo ina funzo lake. Mwaka 2014 gavana wake, Martin Wambora, alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa na bunge la kaunti. Seneti iliafiki, mahakama ikamrudisha, na mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua tena. Uamuzi wa waheshimiwa ni kitu kimoja, imani ya raia ni kingine.

Miaka 40 baada ya Nchiru, Agosti 1996, huko Gatunga, Tharaka, mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalianza kwa kuzungumza na akina mama. Familia zipatazo 30 zilikubali. Mabinti wakatengwa kwa wiki moja, wakafundwa, kisha wakatoka kwa ngoma na zawadi, bila kukatwa. Sherehe hiyo, Ntanira na Mugambo, ilienea hadi wilaya nyingine.

Machifu, wawakilishi wa wadi na wakuu wa shule wa Meru na Embu, kabla hamjatangaza amri nyingine, nendeni kwanza mkaketi na wale itakaowagusa, na muwe tayari kusikia kwamba katika jambo hilo hamaminiwi bado.